Hurricane na Mbavu Zake: Nilivyoipima Modeli ya 1/72

Sehemu ya kwanza kuitazama katika modeli ya plastiki ya Hurricane, ndege ya kivita ya Uingereza, ni mgongo. Pangaboi lisubiri, bunduki zisubiri, na picha nzuri iliyochorwa juu ya sanduku isubiri pia. Chukua nusu mbili za kiwiliwili kabla hujazikata kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande, washa taa ya mezani, mwanga uje kutoka ubavuni, kisha tazama eneo lote kuanzia nyuma ya kiti cha rubani hadi mkiani. Hapo ndipo utakapojua kama aliyechonga kalibu, lile umbo la kumiminia plastiki, aliielewa ndege hii au alinakili umbo tu.

Ndege nyingi za kivita za Vita Kuu ya Pili zilivikwa bati mwili mzima. Hurricane haikuwa hivyo. Sydney Camm na wenzake wa kampuni ya Hawker waliijenga kwa njia waliyokuwa wameizoea tangu enzi za ndege za mabawa ya ghorofa: mifupa ya mirija ya chuma na duralumini (aloi ya alumini), juu yake vipande vya mbao vya kuipa duara, halafu fito nyembamba zinazokwenda kwa urefu, na mwisho kabisa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Mbele kulikuwa na mabati, nyuma ya rubani kulikuwa na nguo. Iliporuka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935 huko Brooklands, usukani ukiwa mikononi mwa George Bulman, hata mabawa yake yalikuwa ya kitambaa. Mabawa ya bati yalianza kuingia mwaka 1939. Ujenzi huo wa kizamani ulikuwa na faida yake vitani: risasi ikipenya upande mmoja na kutokea wa pili bila kugusa mfupa, fundi alitia kiraka na ndege ikarudi angani.

Mpwa wangu aliishika nusu moja ya kiwiliwili akaipapasa kwa kidole gumba. "Mjomba, mbona ndege hii ina mbavu?" Nikamwambia hizo ni fito zilizo chini ya nguo. Akapapasa tena, akauliza kama nguo haikupasuka kwa upepo. Kwangu mimi, kalibu inayomfanya mtoto aulize maswali hayo imeshapata nusu ya alama.

Nusu nyingine ni ya kiasi, na hapo ndipo watengenezaji wengi wanapoteleza. Kitani kilichopakwa dawa hukakamaa kama ngozi ya ngoma. Hakilegei kati ya fito na fito na kuacha mabonde. Tufanye kwamba kingebonyea sentimita nzima, jambo ambalo rubani asingelikubali: modeli ya 1/72 ni ndogo mara 72 kuliko ndege, kwa hiyo ukigawanya kwa 72 unabaki na milimita 0.14. Kwa macho, hiyo ni karibu na hakuna. Lakini nimeshika modeli ambazo mgongo wake una vilima na mabonde utadhani nguo imeanikwa kwenye kamba. Kwenye sanduku ninalolizungumzia leo, fito zinaonekana kwa mwanga wa ubavuni na kupotea ukiiangalia kwa mbele. Ndivyo picha za wakati ule zinavyoonyesha. Nimelipatia alama kubwa kwa hili peke yake.

Sitataja kampuni iliyotengeneza sanduku langu. Hurricane Mk I, yaani toleo la kwanza, ya kipimo cha 1/72 imetolewa na wengi, wakiwemo Airfix wa Uingereza, Hasegawa wa Japani na Arma Hobby wa Poland, na kila baada ya miaka kadhaa linatoka sanduku jipya au la zamani linavalishwa picha mpya. Ninachotaka kukuachia ni maswali ya kuliuliza sanduku lolote litakaloangukia mikononi mwako, hasa sisi wa huku Afrika Mashariki ambao hatuna duka la jirani la kulifungua na kulichungulia kabla ya kulipa. Unaagiza, unasubiri, unalipia ushuru, ndipo unaona ulichonunua.

Baada ya mgongo, rula. Bawa la Hurricane lilikuwa na futi 40 kutoka ncha hadi ncha, yaani mita 12.19. Kipimo cha 1/72 maana yake inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege yenyewe, kwa hiyo tunatarajia milimita 169.3. Yangu ilinipa 169 na kitu, tofauti ambayo msasa mmoja ungeiondoa au kuiongeza. Safi. Ila sikushauri ufurahie rula peke yake. Modeli inaweza kuwa na urefu sahihi na upana sahihi, bado isifanane na Hurricane, kwa sababu sura ya ndege hii imo kwenye unene. Bawa lake ni nene, hasa pale linapoungana na mwili. Mgongo wake umepinda kwa juu, rubani amekaa kileleni, na kutoka hapo mstari unashuka pole pole kuelekea mkiani. Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, ni nyembamba na bawa lake lina umbo la yai. Hurricane ina mabega.

Tofauti hiyo iliwahi kugharimu uhai. Tarehe 6 Septemba 1939, siku tatu tu baada ya Uingereza kutangaza vita, kengele ya uongo iliwarusha angani marubani wa pande mbalimbali za kusini mashariki mwa Uingereza. Spitfire za kikosi cha 74 zilikutana na Hurricane za kikosi cha 56, zikadhani ni Wajerumani, zikaziangusha mbili. Rubani Montague Hulton-Harrop alifariki. Tukio hilo hujulikana kwa jina la Barking Creek. Vita vilipoendelea, modeli za 1/72 zikawa vifaa vya kufundishia: marubani na wapiga mizinga walizitazama dhidi ya mwanga ili wazoee umbo la kila ndege, ya adui na ya kwao. Huko Marekani kuanzia 1942 wanafunzi wa shule walizichonga kwa mbao kwa ajili ya jeshi la majini. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kulalamikia umbo la modeli ni kutafuta makosa yasiyokuwepo, simkubalii. Umbo ndilo lililokuwa kazi ya modeli hizi kabla hazijawa starehe.

Nilifanya jaribio hilo hilo la kivuli. Niliunganisha mwili na mabawa kwa utepe wa karatasi bila gundi, nikaishika dhidi ya dirisha, nikafumba jicho moja. Mabega yapo. Mwinuko wa mabawa nao uko sawa: kipande cha katikati kimelala, kisha bawa la nje linapanda. Modeli nyingi za zamani zilipindisha bawa lote kutoka katikati, na hilo kosa halirekebishiki kwa puti.

Sasa tuje kwenye mistari ya maungio ya mabati. Sanduku langu limeichimba ndani, nyembamba, na kwenye sehemu za nguo haikuichimba kabisa, kama inavyotakiwa. Jihadhari na mistari mipana. Mstari wa milimita 0.2 kwenye modeli ni sawa na ufa wa zaidi ya milimita 14 kwenye ndege halisi; kidole kingeingia. Rangi ikishapakwa, mistari ya hivyo inaifanya ndege ionekane imejengwa kwa matofali.

Jambo linalofuata ni kujua Hurricane ipi imo ndani. "Mk I" ni jina moja lenye ndege kadhaa tofauti. Za mwanzo kabisa, zile zilizofika kikosi cha 111 huko Northolt mwishoni mwa 1937, zilikuwa na pangaboi la mbao la Watts lenye mapanga mawili, mabawa ya nguo, na hazikuwa na lile pezi dogo chini ya mkia lililoongezwa baadaye ili ndege iweze kujitoa kwenye mzunguko wa kuanguka. Zilizopigana juu ya Uingereza mwaka 1940 zilikuwa na mapanga matatu, mengine ya kampuni ya de Havilland, mengine ya kampuni ya Rotol, na kofia za mapangaboi hayo hazifanani. Ukichanganya, umetengeneza ndege ambayo haikuwahi kuruka. Sanduku langu limetoa aina zote mbili za mapanga matatu, na mabawa ya bati. Maelekezo yanasema wazi lipi liende na alama zipi za kubandika. Hiyo ni heshima kwa mjenzi.

Halafu kuna chujio. Ndege zilizopelekwa kwenye nchi za vumbi na mchanga zilifungwa chujio la Vokes chini ya pua, uvimbe mkubwa unaobadilisha uso mzima wa ndege. Lilizuia mchanga usiile injini ya Merlin, na bei yake ilikuwa mwendo uliopungua. Kwenye fremu zangu chujio halimo. Hapa ndipo ninapotoa lawama yangu kubwa kwa sanduku hili, na kwa karibu masanduku yote ya Hurricane niliyopata kuyaona: yanadhani vita vya ndege hii vilikuwa majira moja ya kiangazi juu ya Kent, kusini mashariki mwa Uingereza.

Naelewa kwa nini. Vita ya Uingereza ya 1940 ndiyo iliyoipa Hurricane jina, na ilistahili: iliangusha ndege nyingi za adui kuliko Spitfire katika miezi ile, na kikosi cha 303 cha Wapolandi, kilichopata sifa kubwa kuliko vyote vya Hurricane, kipo kwenye karatasi yangu ya alama. Silalamikii kuwepo kwao. Lakini zilitengenezwa zaidi ya Hurricane 14,000, nyingine zikajengwa Kanada chini ya mhandisi Elsie MacGill, na zikapigana Malta, Libya, Burma, Urusi. Na zilipigana hapa kwetu.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Wajir ilipigwa mabomu mwezi huo huo. Malindi, mji ambao kutoka ninapoandika ni safari ya asubuhi kwa matatu, nao ulidondoshewa mabomu na ndege za Italia mwaka huo. Vikosi vya anga vya Afrika Kusini vilivyowekwa Kenya vilikuwa na mchanganyiko wa ndege za kizamani, na Hurricane zikiwa ndizo bora walizokuwa nazo. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yalitoka Kenya kwenda Somalia na Ethiopia: askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), wa Nigeria, wa Gold Coast (Ghana ya leo), wa Afrika Kusini. Kismayu ilianguka katikati ya Februari, Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Juu ya vichwa vya askari hao, Hurricane ndizo zilizokuwa zikiwaondolea ndege za Italia njiani.

Tarehe 15 Machi 1941, Kapteni John Frost wa kikosi cha 3 cha Afrika Kusini alikuwa akishambulia uwanja wa ndege wa Dire Dawa pale ndege yake ilipopigwa na kumlazimisha kutua kwenye eneo la adui. Luteni Bob Kershaw alimwona. Akatua na Hurricane yake karibu naye, Frost akapanda, wakabanana wawili kwenye kiti cha mtu mmoja, Frost mapajani mwa Kershaw, wakaruka na kurudi salama. Kershaw alitunukiwa nishani ya ushujaa ya DSO, wa kwanza kuipata katika jeshi la anga la Afrika Kusini. Frost akaendelea kupigana hadi Juni 1942, alipopotea karibu na Bir Hacheim huko Libya. Hakupatikana.

Nina kiti cha Kershaw hapa mezani, kwa maana ya kiti cha Hurricane cha 1/72. Kina upana wa kama milimita sita. Kwenye sanduku hili kimechongwa vizuri: kingo zake nyembamba, mgongo wake una umbo, na nyuma yake kuna bamba la chuma la kumkinga rubani. Chini yake hakuna sakafu. Chumba cha rubani cha Hurricane halisi hakikuwa na sakafu kamili. Miguu ilikaa kwenye njia mbili nyembamba za kuelekea kwenye pedali, na kitu kikidondoka kilipotelea tumboni mwa ndege. Watengenezaji wengi huweka ubao bapa, kiti juu yake, wakamaliza. Huyu ameweka mirija pembeni, njia mbili za miguu, na giza chini. Nikiitazama nafasi hiyo na kuwafikiria watu wazima wawili ndani yake, wakiendesha ndege kutoka Dire Dawa, napata heshima mpya kwa ufundi wa aliyeichonga na kwa wale waliokaa humo. Modeli ikifika hapo imeshanifundisha kitu ambacho maandishi peke yake hayakunifundisha.

Kwenye ujenzi sitakaa sana, kwa kuwa sehemu nyingi zinaingia zenyewe. Vipande vya juu vya mabawa vilikaa vizuri kwenye mwili, mzizi wa bawa haukuhitaji puti. Pango la magurudumu lina kina cha kutosha, mirija yake inaonekana, na miguu ya magurudumu imekaa kwa umbali mpana unaotakiwa. Magurudumu ya Hurricane hukunjwa kuelekea ndani, tofauti na Spitfire, ndiyo maana ilituama vizuri kwenye viwanja vya majani na vya vumbi.

Tatizo liko tumboni, pale kipande cha chini cha bawa kinapoishia na kiwiliwili cha nguo kinapoanza. Ufa. Si mkubwa, lakini uko mahali pabaya, kwa sababu ukijaza puti na kusugua kwa msasa unazifuta zile mbavu tulizozisifu mwanzoni. Njia niliyoitumia ni kukata kipande cha plastiki nyembamba, kukisukuma ndani ya ufa, kukidondoshea tone la gundi nyembamba ya kuyeyusha, kisha kukikata sawasawa na uso kwa kisu kipya baada ya kukauka kabisa. Msasa uguse kipande tu. Mbavu zikabaki.

Kioo kimekuja kimoja na kimefungwa. Kina uwazi mzuri na fremu zake zimechorwa kwa ukali wa kutosha kuongoza kisu wakati wa kukata utepe wa kuzibia rangi. Fremu za Hurricane ni nyingi, andaa subira. Lakini baada ya kupewa chumba cha rubani cha namna ile, kukifungia chini ya kioo kisichofunguka ni kumnyima mjenzi haki yake. Nilitamani kioo cha pili kilichotenganishwa, cha kusogeza nyuma kama marubani walivyokuwa wakiruka siku za joto.

Neno kwa wanaojenga pwani. Rangi za kupuliza zenye dawa inayokauka haraka hugeuka nyeupe nyeupe siku ya unyevu, kwa sababu ubaridi wa dawa inayoyeyuka huvuta maji ya hewani yakatua juu ya rangi. Mimi hupuliza kati ya saa nne na saa sita siku yenye upepo mkavu, au natumia rangi za akriliki za maji. Na usiiache modeli ndani ya gari lililoegeshwa juani. Bawa jembamba hujipinda kabla hujarudi kutoka sokoni.

Karatasi ya alama imechapishwa vizuri: mviringo iko katikati, nyekundu haijahama, wino hauonekani kuvuja. Zimelala juu ya mbavu bila kugoma. Kwa ndege ya Uingereza ya 1940, yaani kahawia na kijani juu na kijani kilichopauka chini, una kila unachohitaji.

Hukumu yangu basi. Kama unataka Hurricane ya 1940 juu ya Uingereza, sanduku la aina hii ni la kununua bila kusita, hata kwa anayejenga modeli yake ya pili au ya tatu. Umbo ni sahihi, nguo ni nguo, bati ni bati. Kama unataka ndege ya vita vyetu vya Afrika Mashariki, anza na picha ya ndege mahususi utakayoijenga. Itazame pua: je, ina chujio? Tazama pangaboi, kisha tazama bawa. Halafu ulinganishe na orodha ya sehemu kabla hujalipa. Chujio unaweza kulinunua pembeni kama kipande cha rezini au kulichonga kwa puti ya vipande viwili. Namba za ubavuni zinaweza kuchorwa kwa mkono thabiti na brashi nyembamba.

Na kwa kampuni zinazotengeneza masanduku haya, kama kuna anayesoma Kiswahili: fremu moja ya ziada yenye chujio, na safu moja zaidi ya alama kwenye karatasi, vinatosha. Ndege ya Kershaw itauzika Nairobi, Johannesburg na Addis Ababa. Mimi nitakuwa wa kwanza kuagiza.